Kilichomo Kwenye Mabano

Mwongozaji alilamba kidole tena. Kila ukurasa alilamba, akafunua, akaacha mate kwenye pembe ya karatasi zangu. Ukumbi wenyewe ulinuka matambara ya kudekia yaliyosahauliwa ndani ya ndoo, lakini kilichonitia kinyaa hasa ni kile kidole.

Miaka minne iliyopita kidole hichohicho kilichukua mchezo wangu wa kuigiza, kikaukata mwisho, kikabandika arusi na ngoma. Watu walicheka pasipochekesha, na lawama zote zikaniangukia mimi mwandishi. Tangu siku ile kila nilichoandika nilikiona uchafu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilishtuka hata nikiona kalamu.

Mchezo huu mpya niliuandika kwa kujificha. Mke anamuuguza mume ambaye zamani alikuwa akimpiga. Katika onyesho la mwisho anamlisha supu, kijiko kwa kijiko, huku akimwambia kwamba hajamsamehe. Mwongozaji, tunayemwita Maboresho kwa kuwa hajawahi kuona kitu akakiacha kilivyo, alitaka mke asamehe.

"Watu wanataka kurudi nyumbani na raha zao," aliniambia. "Tuusome mbele ya watu Jumamosi. Wakiuchoka, mwisho naandika mimi."

Nikakubali. Hata mimi niliamini wangeuchoka.

Basi Jumamosi alasiri waigizaji wawili walikaa kwenye viti, karatasi mkononi, bila mavazi wala mapambo. Aliyesoma sehemu ya mume alikuwa akitafuna karanga na kutemea maganda kiganjani. Wa kusoma maelekezo ya jukwaani hakutokea. Ikabidi nimwombe shangazi, dada wa marehemu baba, aliyekuja kunisindikiza tu. Shangazi alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuwasomea watu mashtaka yao, bila kuongeza neno wala kuruka neno. Nikachomoa nakala moja iliyobaki mkobani.

"Shangazi, kilichomo kwenye mabano ndicho chako. Mengine waachie wao."

"Chote?"

"Chote."

Hapo nilijichimbia kaburi. Nakala ile ilikuwa yangu ya nyumbani, niliyoisahihisha kwa wino mwekundu, na mimi nikijitukana huweka matusi yangu kwenye mabano.

Kurasa mbili za kwanza zilikwenda salama. "Mke anaingia na bakuli," alisoma shangazi kwa sauti yake ya mahakamani. "Anafuta meza." Kisha, kwa sauti ileile: "Takataka. Hata mbuzi hawezi kuila karatasi hii."

Ukumbi uliangua kicheko. Shangazi hakumtazama mtu, alingoja zamu yake. Niliinuka nimpokonye nakala, nikaketi tena. Maboresho alicheka hadi mabega yakatikisika, akalamba kidole, akafunua.

"Mume anakohoa. Mke anamwinua kichwa. Mwongo wewe, hujawahi kumpenda mtu, utajua nini?"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Maneno yale niliyaandika peke yangu jikoni na kuyaona ya kawaida kabisa. Sasa yalitoka kinywani mwa mtu aliyenilea, nikajua ni uozo gani niliokuwa nikijilisha miaka minne. Hata mbwa wa jirani nisingemsemesha hivyo.

Mwigizaji wa mke akaendelea. "Vigae vya sakafu hii navijua kwa idadi. Nilivihesabu shavu langu likiwa juu yake."

"Nani atakaa kusikiliza haya?" alisoma shangazi. "Futa ukurasa mzima."

"Usifute!"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mwanamke anayesafisha ukumbi, amesimama mlangoni na ile ndoo yake inayonuka. "Mwacheni aseme!" Hakuna aliyemcheka. Mwigizaji wa mume akameza alichokuwa nacho mdomoni, akaficha maganda mfukoni.

Wakafika ukurasa wa mwisho.

"Fungua mdomo," alisema mke. "Nakulisha kwa kuwa una njaa. Kukusamehe, sijakusamehe."

"Anapeleka kijiko mdomoni mwa mume," alisoma shangazi. "Taa zinazimika."

Kisha akafika kwenye mabano ya mwisho. Nilijua kilichofuata, maana niliukumbuka wino wenyewe: Umeshindwa. Acha kazi hii, unamwaibisha baba yako kaburini. Shangazi aliitazama karatasi. Akavua miwani, akanitazama mimi.

"Hapa pameandikwa neno," alisema. "Hili silisomi."

Miaka thelathini aliwasomea wezi na wauaji bila kuruka herufi. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Msafishaji aliweka ndoo chini, akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Maboresho alingoja makofi yaishe, akainuka. "Vizuri, vizuri sana. Sasa huo mwisho tuulainishe kidogo tu." Akalamba kidole, akanyoosha mkono kuichukua nakala kwa shangazi.

Nikamwahi.

"Mwisho unabaki ulivyo," nikamwambia. "Na wewe, ukitaka kushika karatasi zangu, kanawe kwanza."