Vidole vya Jitu la Mawe

Mkutubi alikileta kile kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikuwa kimelowa kikakauka, gundi imeachia, kurasa zimetengana kama ndugu waliogombana. Kilikuwa cha sita katika mfululizo wa manga, zile hadithi za katuni za Kijapani, na maktaba yake ilikuwa navyo vyote tisa.

"Bomba lilipasuka juu ya rafu," akamwambia mjomba wangu, fundi wa kujalidi vitabu. "Na hivi ndivyo vinavyoazimwa kuliko vyote. Cha sita kikikosekana, hadithi inakatika katikati. Itabidi niviondoe vyote."

Mjomba akachambua karatasi mbili tatu. "Mbona hazina namba?"

"Zenye namba ni chache. Mchoro unajaza ukurasa mpaka ukingoni, namba ikae wapi?"

"Basi dada, hapa umenishinda. Kuzipanga hizi anatakiwa msomi."

Mimi nilikuwa pembeni nakoroga gundi. Mwaka wa tatu huo nakoroga gundi na kufagia vipande vya karatasi, maana mjomba anasema sindano ya vitabu haishikwi na mtu aliyeishia darasa la saba. Nikasema, "Niachie mimi, mjomba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe Kobe? Utamaliza mwaka ujao!" Jina hilo kanipa yeye, kwa ajili ya polepole yangu.

"Mpe wiki mbili, mpaka Ijumaa," mkutubi akasema. "Nitamletea na vile vingine avisome."

Mjomba akaniangalia. "Haya. Zikikaa sawa, utashona mwenyewe. Zisipokaa, habari ya sindano nisiisikie tena humu ndani."

Kitabu cha kwanza kilinichukua siku mbili. Unaanzia pale vitabu vingine vinapoishia, na macho yanatoka kulia kwenda kushoto, nikawa nasoma jibu kabla ya swali. Ni habari ya msichana anayesuka mvua kama mtu anavyosuka nywele, na jitu la mawe linalomfuata kila aendako. Kila linapomwokoa mtu, kidole chake kimoja kinadondoka na hakioti tena. Linaanza na kumi.

Nisiseme uongo, si kila kitu kilinipendeza. Wanawake wote wana sura moja, ukiwanyoa nywele huwajui. Vita vya kitabu cha tatu vinakula kurasa ishirini na mbili, vumbi tupu, na mpaka leo sijui nani kampiga nani. Na yule mama aliyemtelekeza msichana, karudi kwenye cha nne akasamehewa kwa kikombe kimoja cha chai! Mimi ningemnunia mpaka cha saba. Lakini mchoraji yule mvua anaijua. Ya asubuhi ni mistari myembamba, ya hasira ni minene, na ipo moja ambayo hakuichora kabisa, kachora watu tu wamejikunyata, nawe unaisikia. Na jitu, jamani. Uso wake ni jiwe, halicheki wala halilii, ila namna linavyoficha mkono nyuma ili msichana asihesabu, hapo nilifunga kitabu nikakaa kidogo.

Huo mkono ndio ulionipa njia. Nikatandaza karatasi zote sakafuni, za jitu lenye vidole vitano huku, za vinne kule, mpaka viwili. Ndani ya kila fungu nikafuata mengine: mshumaa unavyopungua, kitambaa kinavyozidi kuchanika. Nilipiga magoti siku nne.

Ikabaki karatasi moja. Mbele na nyuma, jitu lina vidole vyote kumi, limeinama chini ya daraja linamkinga msichana mdogo.

"Mchoraji kasahau," mjomba akasema. "Iweke mwisho, nani atajua?"

"Huyu hasahau, mjomba."

"Ah! Mmeshaongea?"

Nilirudia vitabu vyote tangu cha kwanza, naangalia tu, sisomi. Ndipo nikaona. Nafasi kati ya picha na picha huwa nyeupe. Lakini mtu akikumbuka ya zamani, nafasi hiyo inakuwa nyeusi. Kwenye karatasi yangu ilikuwa nyeusi pande zote mbili. Basi nikatafuta pale msichana anapofumba macho, na karatasi inayofuata ameyafumbua yamejaa machozi. Nikaichomeka katikati.

Ijumaa mkutubi alisoma amesimama, mkoba begani. Alipofika pale darajani akavua miwani.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipolia mara ya kwanza. Mwanangu, umejuaje?"

"Nimeangalia tu, mama."

Mjomba akafurahi kuliko sisi sote. Akanyakua bunda, akaligonga mezani likanyooka, akalibana kwa mbao, akaweka msumari upande wa kushoto wa jalada, nyundo juu.

"Mjomba!" Mimi huwa sipigi kelele, hata mkutubi alishtuka. "Ukitoboa hapo umeharibu. Kinafunguka upande huo."

Nyundo ikabaki hewani. "Miaka thelathini natoboa upande huu."

"Ndiyo, mjomba. Hiki tu."

Akalitazama bunda, akamtazama mkutubi aliyekuwa anazuia kicheko, akaiteremsha nyundo taratibu. Kisha akainuka kwenye kiti chake, kile kisichokaliwa na mtu mwingine, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, Kobe. Kabla sijakutia hasara."

Nikatoboa matundu saba, upande wa kulia, nikapitisha uzi kwenye nta. Mjomba akajiegemeza mlangoni na kitabu cha kwanza, akakunja uso.

"Mbona hadithi yenyewe inaanza watu wanaagana?"

Nikaweka sindano chini, nikaenda nikakigeuza kitabu mikononi mwake.

"Na hilo jitu," akauliza, macho yakiwa kwenye picha, "mwishoni linabakiwa na vidole vingapi?"

"Soma, mjomba," nikamwambia, nikarudi kushona.