Bor Ndani ya Miiba

Mche wa bamia ulikuwa umelala chini, umevunjika, na alama ya unyayo mdogo ilikuwa bado mbichi kwenye tope. Apajok, mama mwenye bustani, hakuuliza. Alimshika Mabil, mwanawe wa miaka minne, akamchapa mpaka kijiti kikakatika.

Bustani ile ilikuwa roho yake. Mwaka huo wa tisini na nane kambi ya Kakuma ilikuwa vumbi tupu, naye aliimwagilia kwa maji yaliyooshewa vyombo. Aliipanga kama ua wa mama yake kule Bor, kusini mwa Sudan, akaiita Bor pia: maboga yapande paa, bamia mlangoni, mtama nyuma, na katikati uwazi wa kutandika ngozi, watoto walale wakisikiliza hadithi. Wanawe walizaliwa ukimbizini. Bor hawakuiona hata ndotoni. Alitaka wakikua wawe na kwao pa kukumbuka. Lakini mbuzi wa Kakuma hawajui kupiga hodi, basi akanunua matawi ya miiba kwa Nakeno, mama wa Kiturkana aliyeuza kuni, akazungushia. Mvua chache zilipokuja, ule uwazi wa katikati nao akaupanda kunde. Ardhi haiachwi bure, alijiambia.

Jioni hiyo alisikia sauti nyuma ya nyumba. Ajok, bintiye mkubwa, alikuwa akicheza na Céline, mtoto wa jirani Mkongo. Walikuwa wamechomeka majani makavu mchangani na kuyazungushia vijiti.

"Mimi niko mama," alisema Ajok. "Wewe uko mtoto. Ingia, kanyaga."

"Halafu?"

"Halafu nakuchapa. Nasema, toka kwa Bor! Toka!"

"Bor ni nini?"

Ajok alifikiri kidogo. "Ni pale mtoto hakanyagi."

Aibu ilimvaa Apajok mwili mzima. Angekemewa na wazee wa ukoo, angejitetea, maana mdomo anao. Lakini kwa mtoto anayecheza angesema nini? Alitamani ardhi ipasuke aingie. Alikwenda bustanini, akang'oa kunde zote za katikati, nyingine zikiwa na maganda tayari, akatandika ngozi pale. Kisha akayaburuta matawi ya miiba kando, viganja vikichuruzika damu.

"Mabil," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo, baba. Ingia."

Mtoto alikuja hadi penye pengo. Akasimama hapo, akaitazama ngozi, akamtazama mama yake, halafu akanyoosha mikono juu.

"Nibebe, mama," alisema. "Nisikanyage."