Mishono ya Vazi la Pamba

Fundi cherehani alirithi simu ya marehemu kaka yake, na ndani ya simu mlikuwa na mpiganaji wa mchezo wa mtandaoni. Kaka alimpa sauti yake mwenyewe, hivyo kila akiinua upanga kilisikika kicheko chake. Ila mchezo ule hauna huruma: mpiganaji akiuawa, anafutwa moja kwa moja, sauti na yote.

Asubuhi moja duka lake la ushonaji lilifurika mashoga zake na umbea, lakini pambano la ngome lilipotangazwa mchezoni, wote waliizunguka simu.

"Chagua vazi, Fundi," mwenzake wa kikosi alisema kwenye simu. "Chuma kinazuia upanga, pamba inazuia rungu. Waliotangulia kuingia ngomeni wanasema tuvae pamba."

Fundi alilitazama vazi la pamba kwa karibu. "Mishono imepinda, kwapa limevutwa! Kaka yangu avae kioja hiki mbele za watu?"

"Wifi, hiyo si harusi," alisema mjane wa kaka yake, aliyekuwa miongoni mwao, wala hakucheka.

"Nguo niachie mimi." Akabonyeza chuma. Kikamkaa mpiganaji sawia, utadhani alipimwa.

Kikosi kiliingia ngomeni, na lango likajifunga nyuma yao. Gizani wakatokea majitu kumi na mawili, yakija bila haraka. Kila moja lilikuwa linaburuta rungu.

"Mbadilishe vazi!" wifi yake alipiga kelele.

"Humu ndani haiwezekani," mwenzake wa kikosi alijibu kwenye simu.

Fundi alimgeuza mpiganaji akimbie. Kwa uzito wa kile chuma, aliweza kutembea tu.