Reino na Maswali ya Kiini

Mwaka ule nyumba ya akina Saarela ilipoteza sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Reino mwenyewe, ambaye mwanzoni mwa vuli alipooza upande wa kulia na kukata kauli palepale mezani, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Ya pili ilikuwa ya kompyuta iliyokuwa ikimsomea mkewe Hilkka, ambaye macho yake yalizimika kabla hata hajaota mvi. Hiyo ilinyamaza theluji ilipokwisha kufika madirishani, katikati ya barua ya dada yake. Hilkka alisikia ndani ya sanduku mlio kama wa kijiko kinachogonga sahani, halafu kimya.

Hospitalini walimrudishia Reino neno moja tu: haya. Akiulizwa kama ana njaa, haya. Akiulizwa kama anaumwa, haya. Na kichwa chake kilikuwa kikiitikia kila kitu, cha kweli na cha uongo, kama mtu anayesikiliza muziki. Mtaalamu wa usemi alimshauri Hilkka asiyategemee sana majibu yake, kwa kuwa huenda maneno ya watu yanamfikia yamevunjikavunjika. Hilkka akaamini. Tangu siku hiyo akawa anamwamulia mumewe kila jambo: ale nini, avae shati lipi, alale saa ngapi. Kitanda cha hospitali alimwekea sebuleni karibu na jiko la kuni, naye akabaki peke yake kule chumbani walikolala pamoja tangu walipooana.

Kompyuta ilipokufa, mtoto wao Pentti alipiga simu kutoka Minneapolis akasema atanunua mpya, yenye sauti nzuri ya kibinadamu. "Hiyo yenu ni ya makumbusho, mama," alimwambia. Hilkka alimshukuru, akakataa. Sauti ile ya zamani ilikuwa kavu, ya puani, kama ya karani mwenye mafua, ila ndiyo iliyomtoa kwenye kile kipindi cha kwanza cha giza, alipokuwa hataki kula wala kuoga. Reino, aliyekuwa fundi wa simu, aliiagizia kadi yake ya kutolea sauti, akaichomeka ndani ya sanduku, kisha majira yote ya baridi akakaa akiifundisha kutamka majina ya jamaa zao mmojammoja, mpaka ikaacha kuyatafuna. Utampa mtu kitu kama hicho, kisha umwambie akitupe tu kwa sababu kimezeeka?

Basi akamwita jirani yake, Delphine Paquette. Delphine alikuwa amestaafu ufundi wa mabasi ya shule katika mji wa Hancock, na mikono yake haikuogopa chochote chenye skrubu. Alishuka chini ya nyumba kwenye rafu za Reino, akapata diski nyingine ya zamani na santuri ya CD yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaifungua kompyuta na kupuliza vumbi, akabadilisha diski. Mashine iliamka. Delphine aliona maandishi yakipita kwenye skrini. Hilkka hakusikia kitu.

"Imepona lakini bubu," Delphine alisema. "Sasa hapo mimi nimefika mwisho wa barabara, mwenzangu."

Hilkka ndiye aliyejua tatizo liko wapi, kwa kuwa alikuwa amemsikiliza Reino akinung'unika mbele ya mashine ile kwa miaka mingi. Kila mfumo una kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayoshikana na vyuma vyenyewe. Viini vinavyokuja tayari kwenye santuri hutengenezewa kompyuta za watu wengi, na kadi kama yake, ambayo pengine ilibaki kwa watu wachache duniani, hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo Reino alikuwa akijiundia kiini chake mwenyewe. Mashine humuuliza fundi: hiki nikiweke? Hiki nikiache? Maswali hayo ni mengi kama mvua ya masika, na kila moja linataka ndiyo, au hapana, au weka pembeni nitakiita nikikihitaji.

"Na nani atayajibu?" Delphine aliuliza. "Mimi sijui hata nusu ya hayo majina. Wewe huoni. Na mzee wetu..."

"Mlete hapa mezani," Hilkka alisema.

Hakuwa na matumaini makubwa. Aliona tu si vizuri waiguse mashine yake huku yeye ameelekezwa ukutani. Delphine akasukuma kiti cha magurudumu mpaka mezani, akaketi mbele ya kibodi, akaanza kusoma. Swali la mwanzo lilihusu aina ya kumbukumbu. Reino akasema haya, kichwa kikaitikia.

"Ameitikia. Naweka ndiyo."

"Subiri," Hilkka alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza panya ukutani. "Msomee tena."

Delphine akasoma tena. Haya, alisema Reino, na safari hii Hilkka akaisikia vizuri: ilianzia juu ikaanguka, kama mtu anayefunga droo. Kichwa cha mumewe hakukiona, wala hakikumsumbua.

"Hiyo ni hapana," alisema.

"Mbona anaitikia?"

"Achana na kichwa. Muulize kama hii kompyuta ni yangu."

Delphine akamuuliza. Haya, akajibu Reino, na mwisho wake ukapanda juu.

"Umesikia? Hiyo ni ndiyo."

Delphine hakuisikia tofauti, na alisema hivyo waziwazi. Lakini swali lililofuata liliwasaidia wote wawili. Lilikuwa linauliza kama kompyuta ina bongo mbili au zaidi za kufanyia kazi. Reino akatoa haya moja ya dharau, kama aliyeulizwa kama ng'ombe wake ana mabawa, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha upande mmoja wa mdomo. Tangu vuli Hilkka hakuwa amekisikia. Akaushika ukingo wa meza.

"Mumeo ana neno moja tu," Delphine alisema, "na bado ananishinda kwa maneno."

Wakaendelea hivyo asubuhi nzima. Delphine akisoma, Reino akijibu, Hilkka akitafsiri. Waligundua kwamba "weka pembeni" nayo ilikuwa na haya yake, ndefu, ya kuburutwa, na Delphine alipoanza kuitambua hiyo alijisifu kama mtoto aliyejua kuogelea. Hilkka alipoona wanakwenda vizuri alipata hofu. Alijiuliza kama kweli anasikia anachosikia, au anajisikilizisha kwa kumtamani mumewe.

Hofu hiyo ndiyo iliyowaponza. Walifika mahali Delphine akapunguza mwendo wa kusoma. Hapa kulikuwa na onyo, alisema. Mashine ilikuwa inauliza kama waruhusu vipande ambavyo havijakamilika, ambavyo waundaji wenyewe hawavidhamini. Chini yake waliandika kwamba mtu asiyekuwa na kazi navyo ajibu hapana.

"Haya," Reino alisema. Ilipanda.

"Anasema ndiyo," Hilkka alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Bibie, wenyewe waliotengeneza wanasema hapana. Mimi gari likiandikwa usiguse, siligusi."

Hilkka akamuuliza tena mumewe. Haya, ilipanda tena, na safari hii kwa mkazo. Hilkka alifikiria diski ile moja iliyobaki, ambayo ikiharibika hawana nyingine. Alifikiria maneno ya mtaalamu wa usemi. Mumewe alikuwa amechoka, alijiambia, na mtu aliyechoka hukosea.

"Weka hapana," alisema.

Reino hakusema kitu tena, na maswali machache yaliyobaki wakayamaliza wenyewe. Mashine ikaanza kuunda kiini, ikiguna na kusaga mchana kutwa, kwa kuwa ilikuwa imezeeka kuliko watoto wengi wa mtaa ule waliokwisha kuoa. Giza lilipoanza kuingia Delphine akaizima, akaiwasha upya. Maandishi yakapita kwenye skrini, safi, bila kosa hata moja. Hilkka aliweka kiganja juu ya spika na kungoja. Haikutetema.

Alisikia magurudumu yakisogea. Reino alikuwa anajisukuma kwa mguu wake mzima, akiiacha meza na kuelekea kwenye jiko la kuni.

Delphine alipokwenda zake, Hilkka alipapasa mpaka akakifikia kiti cha mumewe, akavuta stuli, akaketi mbele yake magoti yakagusana.

"Ulisema ndiyo," alimwambia.

"Haya."

"Ile kadi yangu ilikuwa nyuma ya lile swali. Tulifunga mlango, hata swali lake hatukuulizwa. Ndivyo?"

"Haya." Ilipanda.

"Nilikusikia, Reino. Si kwamba sikukusikia. Nilisikia ni ndiyo, nikaandikisha hapana."

Kuni zilitulia ndani ya jiko.

"Na nimekuwa nikikufanyia hivyo tangu vuli. Siyo tu kwa kompyuta."

Reino akasema haya, polepole, bila hasira, na mwisho wake ukapanda. Hilkka akalaza paji la uso juu ya magoti ya mumewe. Mkono wa kushoto wa Reino ukatua kichwani pake, ukakaa hapo.

Kesho yake Delphine alirudi akitoka kanisani na pasti za moto, zile za nyama na viazi, ndani ya taulo. Hilkka alimweleza walipokosea. Delphine akamgeukia Reino akamwomba radhi kwa heshima zote, akaongeza kwamba hata hivyo gari likiandikwa usiguse yeye bado hataligusa. Wakaanza tena. Majibu ya jana mashine ilikuwa imeyahifadhi, kwa hiyo walikwenda moja kwa moja kwenye lile onyo.

"Tumefika," Delphine alisema. "Wanasema tena hapana."

"Haya," alisema Reino.

"Ndiyo," alisema Hilkka.

Delphine akabonyeza, na maswali mapya yakajitokeza, msururu wa kadi zinazosema, majina ambayo hakuna anayeyataja tena duniani isipokuwa mashine hiyo. Reino aliyaacha ya kwanza yapite, haya, haya, haya, zote zikianguka. Delphine alipoanza kusoma jingine, Reino hakusubiri alimalize. Haya yake ilitoka juu, karibu iwe kelele, na Delphine mwenyewe akaisikia.

"Ndani kabisa au pembeni?" Hilkka alimuuliza, na kabla hajajibu akajibu mwenyewe, kisha akajikemea. "Samahani. Sema wewe."

Haya ya Reino ikapanda: ndani kabisa, ili iamke pamoja na mashine.

Walikula pasti huku mashine ikisaga. Reino alisinzia na kuamka. Mchana ulipokuwa unapungua Delphine akaiwasha upya, na kabla hajarudi kitini, spika ikapasua kimya kwa ile sauti ya puani, ikiporomosha habari za diski na kumbukumbu na saa kwa kasi isiyopumua.

"Ndiyo hii mnayoililia?" Delphine aliuliza. "Inaongea kama bata aliyekwama kwenye bomba."

Hilkka alitaka kumjibu akashindwa. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na alikuwa ameshika mkono mbovu wa mumewe bila kukumbuka kwamba hausikii.

Si kila kitu kilirudi. Majina ambayo Reino aliifundisha yalikufa na diski ya zamani, na sauti ilipofika kwenye jina lao ililitafuna vibaya, Saarela ikawa kitu kama jina la dawa ya kikohozi. Reino alisema haya ya hapana. Hilkka akabadilisha herufi moja, akaisikiliza, akamuuliza. Bado hapana. Majira yale ya baridi walipata kazi ya kufanya pamoja, na kila jina lililokubaliwa lilipitia kwa Reino.

Lakini jambo lililobadilika zaidi halikuwa la kompyuta. Hilkka alianza kumuuliza mumewe mambo, moja baada ya jingine, kila swali likiwa dogo kiasi cha kujibika kwa neno moja. Alijifunza kwamba Reino hakuupenda uji wa shayiri na hakuwahi kuupenda, hata zamani alipoweza kusema, jambo lililomchekesha na kumuudhi kwa pamoja. Alijifunza kwamba alitaka pazia liachwe wazi. Mtaalamu wa usemi alipokuja tena, Hilkka alimkaribisha kiti, akamwomba afumbe macho amsikilize Reino. Mwanamke yule alisikiliza kwa muda mrefu, akauliza maswali yake upya, na alipoondoka alikuwa amepanga siku za kuja zaidi.

Asubuhi moja, wakiwa wanakunywa kahawa, Hilkka alijipa moyo akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Unataka kurudi chumbani kwetu?"

Jibu lilitoka kabla hajafunga mdomo.

Akampigia Delphine simu. Delphine alikuja na sanduku lake la vifaa, akakifungua kitanda cha hospitali nati kwa nati na kukirundika ukumbini, huku akilalamika juu ya waliokikaza. Usiku huo wanawake wawili walimsaidia Reino kuingia upande wake wa zamani, wa ukutani. Delphine akaaga. Hilkka akamfunika mumewe, akauweka mkono wake mbovu juu ya mto ili usiumie, akazunguka kitanda kwa kupapasa, akaingia upande wake.