Ukuta wa Chumba cha Kushonea

Msanifu majengo wa kwanza alitandaza ramani juu ya meza ya kulia chakula, akaikandamiza pembe zake kwa kopo la sukari, mkasi na vikombe viwili vya chai, maana karatasi ilikuwa imezoea kukunjwa. Alikuwa kijana mwenye kalamu nyingi mfukoni na maneno mengi mdomoni. Mume, mwenye nyumba itakayojengwa, alivaa miwani. Mkewe, ambaye maisha yote ya ndoa yao amekuwa akiwashonea watu nguo miguuni pa kitanda, cherehani ikibanana na kabati, hakuhitaji miwani. Alikitafuta chumba chake akakiona: upande wa jua la asubuhi, dirisha pana, mlango wenye kitasa. Alifurahi mpaka akasahau kumwongezea mgeni chai.

Vikombe havijafika nusu, ukuta wa sebule ukaanza kuingia kwenye chumba cha kushonea. Haukuwa na fujo. Mstari uliteleza juu ya karatasi, ukasimama, ukateleza tena, na dirisha likabanwa mpaka likabaki la kutosha kichwa kimoja. Sebule ilikuwa imenenepa.

"Kijana, ramani yako inatembea," mume alisema.

"Huwa zinatembea, mzee. Ngoja niongeze wino."

Aliongeza. Ukuta ukaendelea na safari yake, safari hii ukiwa mweusi zaidi. Mume akamsindikiza kijana hadi getini, akamwambia kwa upole kwamba watampigia simu, na wote wawili wakajua kwamba simu yenyewe haitapigwa.

Ni mtu mwema huyu mume, lazima isemwe. Hajawahi kumpandishia mkewe sauti. Marafiki hujaa nyumbani kwake, naye hucheka kuliko wote, na akikumbushwa chumba cha kushonea hujibu papo hapo: "Lazima kiwepo. Nani kakataa?" Mtu wa namna hiyo ni kazi kugombana naye. Ukianza tu, mkorofi unakuwa wewe.

Msanifu wa pili alikuwa mama wa makamo, viatu vyake vina udongo wa kazini. Siku ya kwanza hakuleta ramani. Alizunguka nyumba waliyopanga, akauliza nani huamka kwanza, nani hukaa wapi, kisha akaomba kuona cherehani ikifanya kazi. Mshonaji akaketi, akashona pindo la shuka, magoti yakigusa kitanda, na msanifu akapima nafasi iliyopo kati ya kiwiko chake na kabati. Mshonaji amepima viuno vya mtaa mzima, lakini kiwiko chake hakuna aliyewahi kukipima. Alijisikia kulia. Akaendelea kushona.

Siku ramani ilipokuja, ukuta ulianza safari chai ikiwa bado inamiminwa. Yule mama hakugusa kalamu. Alimgeukia mume.

"Mzee, huu ukuta mimi siwezi kuuzuia. Unakusikiliza wewe."

"Mbona mimi sijasema kitu?"

"Ndiyo hivyo. Sema sasa. Sema chumba hiki ni cha mkeo, na wageni wakizidi watakaa nje."

Mume akacheka. "Hilo tu? Chumba ni chake, mama watoto mwenyewe anajua. Ila na wageni nao ni watu. Siku wakijaa, mlango unafunguliwa, tunapeana nafasi."

Alipokuwa akisema hivyo ukuta ulisogea, na kitasa kikang'oka mlangoni, kikateleza hadi ukingoni mwa karatasi, kikapotea.

"Umeona?" msanifu aliuliza.

"Nimeona. Wewe ni hodari, mama, lakini kazi yako ni nyumba. Ya mimi na mke wangu niachie mimi."

Msanifu alipokwisha kuondoka, mshonaji alipiga moyo konde. "Baba watoto, tumchukue huyu."

"Huyu atatugombanisha. Tunatafuta msanifu, hatutafuti hakimu."

Mshonaji alitaka kusema kwamba wao hawajawahi kugombana kwa sababu yeye hajawahi kuanza. Badala yake akaenda kuosha vikombe.

Wa tatu alivaa tai. Aliisikiliza shida yao akasema dawa anayo. Alichora sebule kubwa tangu mwanzo, kubwa mpaka ikakosa sababu ya kujitanua, na kando yake chumba cha kushonea cha kutosha cherehani, kiti, na mshonaji asiyenenepa. Wakanywa chai, wakaongeza. Waliiacha ramani mezani wiki nzima, wakila pembeni yake, na mstari haukutikisika.

"Huyu ndiye," mume alisema.

Mshonaji alitoa futi yake, akapima, akaona kwamba akiingia ubavu atapita. Kidogo, lakini kimetulia, alijiambia, akakubali shingo upande.

Siku ya kupima msingi, fundi mwashi alipigilia vigingi kiwanjani na kuvuta kamba. Mume alisimama ndani ya sebule, juu ya nyasi, akiwaonyesha marafiki zake mahali pa makochi. Mshonaji aliingia chumbani kwake kwa kupitia palipopangwa mlango. Jua la asubuhi lilimpiga usoni kama alivyotaka.

"Shemeji, hongera!" rafiki mmoja aliita. Kisha akamgeukia mume: "Na televisheni itakaa wapi?"

"Hatuwezi kukosa nafasi," mume akajibu.

Kamba ikaanza kuja. Vigingi viling'oka taratibu, vikajichomeka mbele kidogo, vikang'oka tena, mpaka kamba ikafika kwenye kiatu cha mshonaji, ikakaza. Fundi mwashi alisimama na ndoo yake ya chokaa, akisubiri. Yeye kazi yake ni kufuata kamba.

"Mama watoto, umeridhika?" mume aliuliza kwa furaha.

Mshonaji alikuwa na neno, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Marafiki walikuwa wakimtazama, wakitabasamu.

"Nimeridhika," akasema.

"Samahani, mama," fundi mwashi akasema kwa adabu. "Inua mguu kidogo, kamba ipite."

Akainua.