Kinga ya Msumeno

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Najua mlifundishwa kinyume chake. Hata mimi nilikikariri hicho kinyume darasani, nikapigiwa makofi. Lakini mdogo wangu alisikia la mkuu, na leo mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba na cha shahada peke yake.

Mkuu mwenyewe ni mjomba wetu, ndugu wa mama, aliyetulea tangu mama alipofariki. Karakana yake ilikuwa nyuma ya mtaro mkubwa wa mtaa, chini ya mabati yaliyotobokatoboka, na humo vijana kumi na wawili tulijifunza useremala kwa ufadhili wa mradi mmoja wa vijana. Sitamsingizia: mtaani kwetu, aliyempa mtoto wa kike randa bila kumcheka alikuwa yeye tu. "Ubao haumwulizi mtu ndevu," aliwaambia wavulana waliponikenulia meno siku ya kwanza.

Mbao zetu zilitoka kwenye makreti na nyumba zilizobomolewa, kwa hiyo zilikuja na misumari iliyozama ndani isionekane. Mjomba alitufundisha kuisikiliza. Unaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, toka ncha hii hadi ile. Penye msumari, sauti inakufa. Mdogo wangu, tuliyemwita Msasa kwa sauti yake ya kukwaruza, alikuwa na sikio kutushinda wote. Wavulana walimtania: "Msasa, hebu mgonge huyu kichwani tujue kama mna kitu." Alimgonga kweli, akatega sikio, akasema, "Hamna hata msumari. Pigeni randa."

Mbao hizo pia zilikuwa zimepinda. Hazikupita vizuri chini ya kinga, lile bati linalofunika meno ya msumeno wa meza. Tulipopata oda ya madawati ya shule, Mjomba akaifungua kinga kwa spana, akaitupa juu ya kabati. "Tukimaliza nitairudisha," alisema.

Ijumaa asubuhi Msasa aligonga ubao mpana, akarudia. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nachonga mguu wa dawati.

"Mjomba, huu una kitu. Sauti imekufa hapa katikati."

"Pitisha, baba. Shule inasubiri."

"Ngoja niuchimbe kwanza, dakika tu..."

"Hilo sikio nilikupa mimi. Nimekwambia pitisha."

Akapitisha. Meno yakauma chuma, ubao ukaruka, mkono ukaenda pale ubao ulipokuwa. Hakulia. Aliutazama mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike kidogo. Aliyelia ni Mjomba. Alivua shati, akamfunga, akambeba mgongoni hadi zahanati ng'ambo ya mtaro, na njia nzima nilimsikia akisema, "Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi."

Angeendelea kusema hivyo, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Jumatatu mama mmoja, msimamizi wa mradi, alituma habari kwamba angekuja Alhamisi kuandika ripoti. Bibi, aliyemzaa Mjomba na kumzaa mama, akatuita chumbani kwake.

"Mtasema mtoto alikuwa anacheza," alisema, huku akikunja nguo zilizokauka. "Mtoto na mchezo, nani atashangaa? Karakana ikifungwa, wale kumi wengine watarudi kukaa mtaroni. Mnajua walikuwa wanafanya nini kabla ya hapa."

"Bibi, fundi aliyecheza na msumeno hapokelewi na karakana yoyote. Mnamzika angali hai."

"Ana mjomba wake. Atamlisha."

Mjomba alisimama mlangoni, akibandua gundi iliyokaukia kwenye kucha zake. Aliyenijibu ni Msasa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Dada, mimi nimekubali. Nitakuwa nanoa patasi. Vidole viwili vinatosha kunoa."

Havitoshi. Nilijua, naye alijua kuliko mimi.

Ningeweza kunyamaza. Siku mbili nilijaribu. Jumatano nikaingia karakanani, nikamkuta binti mdogo kuliko sote, wa miaka kumi na sita, amesimama penye msumeno. Kinga ilikuwa bado juu ya kabati. Mjomba alimwelekeza kwa upole wake ule ule: "Pitisha, mama. Usiogope."

Alhamisi mama wa mradi alituuliza mmoja mmoja, mbele ya wote. Kumi walisema, "Alikuwa anacheza." Msasa mwenyewe akasema, "Nilikuwa nacheza." Ikabaki zamu yangu.

"Alisema ubao una msumari," nilijibu. "Akaamriwa apitishe. Kinga iko juu ya lile kabati."

Yule mama akavuta stuli, akapanda, akapapasa, akaishusha. Ilikuwa na vumbi la mbao unene wa kidole.

Wiki iliyofuata lori la mradi lilikuja kuchukua mashine. Madawati yakabaki miguu mitupu. Yule binti nilimwona mtaroni, amekaa na wale wale aliokuwa nao kabla ya karakana. Aliponiona akageuza uso. Ana vidole kumi. Nilivihesabu.

Tangu siku hiyo Msasa amesema nami mara moja tu. Ripoti imeandika kwamba hakuwa na kosa lolote. Nilimpelekea nakala, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

"Ungeniuliza," alisema. "Vidole vilikuwa vyangu."

 

Jana Bibi alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka kwa Mjomba. Tulimkuta amekaa juu ya kreti katikati ya karakana tupu. Sakafuni palikuwa na alama nne safi, pale miguu ya msumeno iliposimama miaka yote. Amekonda, shati linamning'inia kama limeazimwa.

"Mwombe radhi mjomba wako," Bibi alisema. "Neno moja tu, nyumba irudi kuwa nyumba."

"Mama, usimlazimishe." Kisha Mjomba akanigeukia, taratibu. "Mimi sikulaumu. Lakini ukisema tu kwamba ulikosea, nitapata usingizi."

Nilimtazama. Ndiye aliyenishika mikono yote miwili juu ya randa, akanifundisha kusukuma kwa kiuno badala ya bega. Nilimpenda, na bado nampenda. Machozi yalinitoka mbele yao, wala sikuyafuta. Bibi akadhani ndiyo hayo aliyokuwa akiyangoja, akaniachia mkono.

"Nitakuletea chakula kila siku, Mjomba," nilisema. "Nitakufulia. Ukitaka mtu wa kukaa naye hapa, nitakaa nawe. Radhi siombi."