Msonobari Ulioota Mabega

Asubuhi hiyo mtunza bustani wa kiwanda cha rangi alisimamisha ngazi yake getini, akaona msonobari wa kushoto umeota mabega. Wa kulia ulikuwa vilevile alivyouacha, mnene chini, mwembamba juu. Akapogoa mabega, akafagia, akaenda kumwagilia maua.

Kesho yake mabega yalikuwa yamerudi, na shingo juu yake. Kisha kikaja kichwa, na sikio moja lililokunjamana, kama la mumewe aliyeungua utotoni. Mama Mkasi, ndivyo wenzake walivyomwita, akashuka kwenye ngazi.

“Kumbe ni wewe,” alisema. “Mbona hukusema? Nami nakukata tu.”

Mumewe alikuwa msafisha matangi hapohapo kiwandani. Siku moja aliteremshwa kwenye tangi kubwa bila kamba, maana mnyapara alikuwa na haraka, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amekwenda kula. Hakupanda tena. Jioni tangi likajazwa rangi. Kiwanda kikasema mtu huyo alitoka getini kwa miguu yake, labda ana nyumba nyingine, wanaume si unawajua. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama mkwe akashindwa hata kulia, maana utamliliaje mtoro? Alichotaka Mama Mkasi ni kiwanda kitamke kwamba mumewe amekufa, basi, wamlie, wapumzike.

Mwisho wa juma ukatoka mkono, ukanyooka kuelekea kwenye tangi. Wafanyakazi walipita wakisalimu. “Umepotea sana, bwana!” alisema mlinzi, akafungulia lori. Mnyapara naye akaanza kutumia geti la nyuma.

Mama mkwe aliletwa. Akamshika mwanawe shavu, akamtoa majani makavu kwenye nyusi.

“Umekonda, baba,” alimwambia. Kisha akaufuata mkono kwa macho mpaka kwenye tangi, akaketi chini palepale.

Meneja alipoitwa aliuzunguka mti, akaupa mkono.

“Sasa mnasikitika nini? Si huyu hapa, mbichi kabisa! Tuliwaambia hakufa.”

“Mliniambia alitoka, bosi.”

“Basi amerudi. Utoro tumemsamehe.” Akaagiza kofia ya kiwanda, akamvisha mwenyewe. “Ila huo mkono, mama, wageni watauliza. Ukate.”

“Utaota tena.”

“Kata ndani, penye kahawia, pasipo majani.”

Msonobari si mwarobaini. Ukiukata penye ubichi unachipua, lakini ukiingia kwenye kahawia, hapo hapachipui tena hata ungoje kiama. Meneja alilijua hilo kwa sababu Mama Mkasi ndiye aliyemfundisha, siku aliyokuwa akijisifia kazi yake. Mdomo uliponza kichwa.

“Sikati,” alisema.

Mlinzi akapewa msumeno. Aliuomba mti radhi kwanza, akaukata mkono begani. Utomvu ulitoka wa buluu, ukinuka rangi. Hapo mama mkwe akaangua kilio, kile alichokibana siku zote, na meneja akamwomba anyamaze, hapa hakuna msiba.

Baadaye ikaletwa miche ya misonobari, mizizi imefungwa kwenye magunia. Wageni walikuwa wamelisifu geti, na meneja akataka safu nzima mpaka kwenye matangi. Mama Mkasi alichukua jembe, kwa kuwa watoto hawali hasira.

“Mashimo mangapi, bosi?”

Meneja aliwatazama wasafisha matangi waliokuwa wakinywa chai kivulini.

“We chimba tu,” alisema.

Mnyapara akapiga makofi, akiita mtu wa kushuka. Aliyeinuka alikuwa mwanamume mwenye pengo, mcheshi, aliyeoa juzijuzi. Akavua viatu.

“Usishuke, baba, nakuomba,” Mama Mkasi alimwambia alipopita. “Hawajakupa kamba.”

“Nisiposhuka tutakula nini, mama?” Akacheka, akaenda.

Mama Mkasi aliegemea jembe, akamtazama vizuri, uso, mgongo, jinsi anavyotupa miguu, ili apate kumtambua atakapoota.